4x4 Ilikuwa ya Serikali, 4x2 Ndiyo Ilibeba Mzigo

Wasee, uliza mtu yeyote wa rika letu anayetaka kuingia biashara ya usafirishaji, pikapu anayoota ni gani. Jibu utalipata kabla hujamaliza swali: Land Cruiser, 4x4, tairi za kutisha, ile inapanda mlima kama mbuzi. Sasa muulize atabeba nini. Saruji, kutoka Athi River hadi Syokimau. Lami, mwanzo mwisho.

Mimi sina ugomvi na ndoto ya mtu. Ugomvi wangu ni kwamba hii ndoto huwa imekaa juu ya mkopo. Chukua pikapu mbili za kampuni moja, mwaka mmoja, injini ile ile. Ile ya 4x4 itakuwa ghali kuliko ya 4x2 kwa mamia ya maelfu ya shilingi, na hapo hujaweka mafuta. Kwa hivyo leo sianzi na injini, naanza na historia. Ukifuata haya magari kwa miaka zaidi ya mia, kuna kitu unakiona tena na tena: 4x4 nyingi zililipiwa na mtu ambaye si dereva. Jeshi, serikali, shirika la misaada. Aliyetoa doh yake mfukoni ili abebe mzigo na abaki na faida, mara nyingi alinunua 4x2 na akajifunza kuiendesha.

Tuelewane kwanza. 4x2 ina magurudumu manne lakini injini inazungusha mawili tu, na kwa pikapu za kazi nzito hayo mawili ni ya nyuma. 4x4, injini inaweza kuzungusha yote manne. Ni rahisi kusema, kutengeneza ni kazi. Magurudumu ya mbele tayari yana kazi ya kukata kona, sasa unayaambia yavute pia. Unahitaji chuma kinachozunguka na kupinda kwa wakati mmoja bila kuvunjika.

Mmoja wa waliofungua hilo fundo ni fundi wa mji mdogo Marekani unaoitwa Clintonville, Wisconsin. Jina lake Otto Zachow, akifanya kazi na shemeji yake William Besserdich kwa karakana yao. Mwaka 1908 Zachow alisajili ugunduzi wake wa kiungo cha ekseli ya mbele, na kampuni iliyozaliwa hapo ikaitwa FWD. Wakajaribu kuuza magari ya watu binafsi. Watu binafsi hawakununua! Wakageukia malori, halafu Vita vya Kwanza vya Dunia vikaanza mwaka 1914, na ghafla wateja wakajaa: majeshi. Lori lao la Model B, la tani tatu, lilinunuliwa kwa maelfu. Kampuni nyingine, Jeffery, iliyokuja kununuliwa na Nash, ikauza lori lake la Quad kwa soko hilo hilo.

Sasa vita hivyo hivyo vilifika kwetu, Waingereza wakimfukuza Mjerumani Lettow-Vorbeck kutoka mipaka ya Kenya hadi ndani kabisa ya Tanganyika. Huku mbung'o waliua farasi na ng'ombe wa kuvuta mikokoteni, na masika ikifika magari yalizama. Mzigo wa jeshi ukabebwa na nini? Watu. Wapagazi wa Carrier Corps, wengi wao wakichukuliwa kwa nguvu, kutoka Nyanza, Ukambani, Kikuyu, Pwani, kila mahali. Walikufa makumi ya maelfu, wengi kwa magonjwa na njaa kuliko risasi. Ukienda Kariokor kununua kiondo au kula nyama choma, jina la hapo ni Carrier Corps lilivyotamkwa na wenyewe. Kariakoo ya Dar es Salaam ni hivyo hivyo. Yaani wakati Ulaya matope yalipewa lori la 4x4, sisi tulipewa mgongo wa mtu. Mimi nikisikia mtu anasema 4x4 ni teknolojia tu, haina siasa, huwa nakumbuka hilo.

Vita vya Pili ndivyo vilileta Jeep. Kampuni ndogo ya Bantam ilichora ya kwanza mwaka 1940, halafu Willys na Ford wakaitengeneza kwa mamia ya maelfu. Vita vilipoisha, viwanda vilibaki na ujuzi na mashine. Mwaka 1946 Dodge ikatoa Power Wagon, ambayo kimsingi ni gari la jeshi lililopewa kazi ya raia: chasi nzito, mzigo wa tani moja, 4x4 kutoka kiwandani. Hiyo ndiyo babu ya pikapu zote kubwa za 4x4 unazoona kwa video za Wamarekani. Lakini angalia wengine walivyochelewa. Chevrolet ilianza kuuza pikapu ya 4x4 kutoka kiwandani mwaka 1957, Ford ikafuata na za 1959. Miaka yote hiyo kabla, mkulima wa Marekani alibeba mahindi na ng'ombe kwa 4x2, na aliyetaka 4x4 ya Ford au Chevrolet alipeleka gari kwa kampuni nyingine ibadilishwe. Hawakuwa wajinga, walikuwa wanapiga hesabu.

Uingereza, Land Rover ilionyeshwa mara ya kwanza Amsterdam mwaka 1948. Ilibuniwa kwa ajili ya mkulima, na bodi yake ikawa ya aluminiamu kwa sababu chuma kilikuwa cha kugawiwa baada ya vita. Ikaja Kenya ikiwa gari la mlowezi, la DC, la mlinzi wa wanyama. Hali ya hatari ilipotangazwa Oktoba 1952 na wanajeshi wa Uingereza wakaingia milimani kuwatafuta Mau Mau, walikuwa na Land Rover. Bibi na babu za wengi wetu walijifunza kujificha kwa kusikia mlio wa injini hiyo. Uhuru ukaja, gari halikubadilika, aliyekaa ndani ndiye alibadilika. Polisi wakaendelea na Land Rover, baadaye Land Cruiser, mashirika ya misaada yakaja na zao nyeupe zenye antena ndefu. Kijijini 4x4 ikawa na maana moja: mkubwa amekuja. Nadhani hiyo maana bado iko vichwani mwetu, na ndiyo muuzaji wa magari anatuuzia.

Wakati huo huo, mzigo halisi wa nchi ulikuwa unabebwa na nani? Tulipopata uhuru mwaka 1963, lami ya Kenya nzima haikufika hata kilomita 2,000. Zilizobaki zote ni vumbi wakati wa kiangazi na uji wakati wa masika. Kama kuna nchi ilikuwa na sababu ya kununua 4x4, ni sisi. Na bado gari lililoshinda mioyo ya wafanyabiashara lilikuwa Peugeot. Kwanza 404, kisha 504. 4x2, inasukuma nyuma. Pikapu ya 504 ilibeba tani moja na zaidi, kabichi zikiwa zimepita juu ya kichwa cha dereva. Nyingine zilifungwa turubai na viti viwili virefu vya kuangaliana, zikawa matatu za face-me, ambazo wazazi wetu wanaziongelea kwa uchungu na kwa mapenzi. Fundi wa Nyeri, wa Kisii, wa Kapsabet, wote waliijua kama kiganja chao. Kulikuwa hata na kampuni ya Ufaransa, Dangel, iliyobadilisha 504 kuwa 4x4 kuanzia miaka ya mwanzo ya 1980. Uliza wazee wangapi waliwahi kuiona sokoni Karatina.

Mtu ataniambia, hao hawakuwa na pesa, wangekuwa nazo wangenunua 4x4. Basi tuende kwa mahali ambapo pesa haikuwa shida: Safari Rally.

Mbio zilianza 1953 kama Coronation Safari. Zilikuwa maelfu ya kilomita za matope, vumbi, mito na mawe, kwa barabara za kawaida zikiwa na ng'ombe na matatu ndani. Mwaka 1963 na tena 1968, magari saba tu ndiyo yalimaliza. Mshindi miaka yote miwili: Peugeot 404, ambayo pia ilichukua 1966 na 1967. Joginder Singh alishinda 1965 na Volvo, kisha 1974 na 1976 na Mitsubishi Lancer. Shekhar Mehta alishinda mara tano, nne zikiwa mfululizo kutoka 1979 hadi 1982, na Datsun. Peugeot 504 ilishinda 1975 na 1978. Hakuna hata moja kati ya hizo iliyokuwa 4x4.

Sasa Audi wakaleta Quattro. Ilikuwa imeshaanza kunyanyasa watu Ulaya, kila mtu akasema 4x2 imekwisha. Safari ya 1983, Hannu Mikkola akamaliza wa pili na Quattro yake, nyuma ya Ari Vatanen aliyekuwa na Opel Ascona ya kusukuma nyuma. Halafu Toyota Celica, nayo ya kusukuma nyuma, ikachukua 1984, 1985 na 1986 mfululizo. Mwaka huo wa 1986 Peugeot walikuwa wamekuja na 205 ya 4x4 iliyokuwa inatawala dunia. Safari ikaikataa. Ni 1987 tu ndipo 4x4 ilishinda Safari, Mikkola huyo huyo na Audi 200. Baada ya hapo 4x4 hazikutoka tena juu, lazima niseme ukweli wote. Lakini zaidi ya miaka thelathini, kwa barabara mbovu kuliko yoyote ambayo pikapu yako itawahi kuona, gari jepesi, rahisi, lenye vitu vichache vya kuvunjika ndilo lilifika.

Hapo kwa vitu vya kuvunjika ndipo watu hawapendi kuinama waangalie. 4x4 ina difu mbili badala ya moja. Ina giaboksi ya pili inayogawa nguvu mbele na nyuma, propela ya ziada, viungo vya mbele, sili na oili zake. Hiyo yote inaweza kufika kilo mia na kitu hadi mia mbili. Na pikapu ya kazi ina kikomo cha uzito wote, gari pamoja na mzigo. Kama kikomo ni kile kile, kila kilo ya chuma uliyoongeza chini ni kilo umetoa kwa mzigo. Kilo mia mbili ni mifuko minne ya saruji. Kila safari. Umeinunua kwa bei ya juu ili ibebe kidogo, na mafuta inakunywa zaidi.

Kuna siri nyingine ya 4x2 ambayo madereva wa zamani waliijua bila kuenda shule. Pikapu tupu ina uzito mwingi mbele, kwa injini, na nyuma ni nyepesi. Magurudumu yanayosukuma hayajakanyagwa vizuri, kwa hivyo hata nyasi yenye umande inaifanya iteleze. Ndiyo maana unaona mtu amebeba mawe au mifuko ya mchanga nyuma wakati hana mzigo. Ukipakia tani moja, uzito unakaa pale pale penye nguvu. Pikapu ya 4x2 iliyopakiwa si ile uliyoijaribu kwa showroom ikiwa tupu, ni kama gari lingine. Na ikiwa ina difu ya kufunga nyuma, ile inayolazimisha magurudumu mawili yazunguke pamoja hata kama moja limeingia kwa tope, inatoka mahali 4x4 ya kawaida isiyo na kufuli inabaki ikizungusha gurudumu moja mbele na moja nyuma kama feni. Ukiwa na uwezo wa kuongeza kitu kimoja, mimi ningeanza na hilo kufuli na tairi nzuri.

Turudi kwa jina, maana najua mnaningoja hapo. Hilux! Ilizaliwa 1968 ikiwa 4x2 tu, na ikakaa hivyo miaka kama kumi kabla 4x4 kuja mwishoni mwa miaka ya 1970. Sifa ya kutokufa ilianza ikiwa bado inasukuma nyuma peke yake. Sura ya kivita ilikuja baadaye. Mwaka 1987 wanajeshi wa Chad, wakiwa kwa pikapu za Toyota zenye makombora nyuma, waliwachapa Walibya waliokuwa na vifaru, kwenye jangwa, hadi vita vikaitwa Vita vya Toyota. Ni hadithi tamu, na 4x4 pale ilistahili kila sifa. Lakini pikapu hizo zilifika kwa msaada wa nje. Hakuna mwanajeshi wa Chad aliyekuwa analipa mkopo wa kila mwezi.

Sasa msije mkasema nachukia 4x4. Kuna watu wanaihitaji na wanailipia wenyewe. Ukiwa unapeleka dawa na chakula Turkana, ukivuka mchanga wa laga, nunua. Ukiwa Narok kwa ule udongo mweusi wa kunata, ambao mvua ikinyesha unashika tairi kama chapati mbichi, nunua. Ukivuta trela nzito juu ya mteremko wenye utelezi, ile gia ya chini ya 4x4 ni baraka, hasa kushuka. Lakini mimi nimegundua swali la kujiuliza linahusu mzigo kabla halijahusu barabara: je, unaweza kungoja? Mwenye viazi Kinangop, barabara ikikataa Jumanne, viazi vitaenda Alhamisi. Mwenye maziwa hapo hapo Kinangop, barabara ile ile, hana Alhamisi. Maziwa ya jana ni hasara. Majirani wawili, tope moja, na magari tofauti yanayowafaa.

Tupige hesabu ya mfano, namba nimezichagua mimi tu. Tuseme tofauti ya bei ni 600,000. Tuseme trekta la jirani linakuvuta kwa 3,000 ukikwama. Itabidi ukwame mara 200 ndipo tofauti irudi, bila kuhesabu mafuta ya ziada. Ukiwa unakwama mara nne kila masika, utakuwa mzee. Ukiwa wa maziwa na kila kukwama kunakumwagia mzigo wote, hesabu inageuka ndani ya mwaka mmoja. Weka namba zako, si zangu, na uzifanye kabla ya kuingia kwa afisa wa mkopo.

Na kitu kingine kinachosahaulika: barabara hazikai vile zilivyokuwa. Kutoka Isiolo hadi Moyale ni karibu kilomita 500, na kwa miongo mingi ile njia ilikuwa adhabu. Malori ya ng'ombe yalikaa siku mbili, tatu, kwa mawe na mawimbi ya changarawe, matanboi wakilala juu ya mzigo. Gari dogo bila 4x4 lilionekana kama kichekesho. Kufikia 2017 lami ilikuwa imefika Moyale, na leo mtu anatoka Nairobi asubuhi analala mpakani, kwa Probox akitaka. Pikapu unayonunua sasa utakuwa nayo miaka kumi. Je, hiyo njia yako ya matope itakuwa bado ya matope? Pengine ndiyo, najua serikali zetu. Lakini uliza.

Wanaokaa mjini nao wasikie hili. 4x4 nyingi za kazi, Land Cruiser ya 70 series ikiwemo, hazifai kuendeshwa 4x4 ikiwa imewashwa kwa lami kavu. Ukikata kona, magurudumu ya mbele yanasafiri njia ndefu kuliko ya nyuma, na kwa kuwa yamefungwa pamoja, vyuma vinapigana. Utasikia gari linajivuta, usukani mzito. Kwa hivyo kwa Thika Road yako, kila siku, hiyo 4x4 inaendeshwa kama 4x2. Unabeba chuma cha mbele kama abiria asiyelipa. Tena anaumwa akikaa bure: oili haizunguki, sili zinakauka, ndiyo maana inashauriwa uiwashe utembee kilomita chache kila mwezi mahali pa vumbi. Wangapi wanafanya hivyo?

Ukiamua ni 4x4 na unaangalia ya mtumba, usipelekwe na rangi wala tairi. Mwambie muuzaji mwende mahali pana mchanga au changarawe. Inama uangalie zile kofia za katikati ya magurudumu ya mbele, kama ni za kuzungushwa kwa mkono, uone kama bado zinazunguka au zimeshikana kwa kutu. Aingize gia ya juu ya 4x4, kisha ya chini, wewe ukiwa nje unatazama magurudumu ya mbele yenyewe. Taa ya dashibodi inaweza kuwaka na mbele kusivute kitu. Ikiwa hivyo, mwambie atoe hiyo tofauti yote ya 4x4 kwa bei, au akuonyeshe ile 4x2 aliyoificha nyuma ya yadi.